Nilivyoshuka Uvira Kuziba Bawa la Dada Furaha

Nisameheni, ninyi mtakaosoma huko Lemera. Shule yangu iliishia darasa la sita, mistari yangu haikai sawa, na mahali nilipokosea nimefuta mpaka karatasi imekonda. Lakini mliniuliza nilikwenda kufanya nini Uvira, na mnajua kusema mbele ya watu kunanishinda.

Nilikwenda kwa ajili ya dada yangu Furaha, aliyeolewa Kilibula, mtaa wa hapo Uvira. Mgeni mmoja ambaye Furaha alikuwa akimpikia alimfundisha mchezo wa bawa, na alipohama alimwachia vifaa vyake. Bawa hilo ni kitambaa chenye mpira ndani. Unalijaza kwa pompi, unalishika kwa mikono miwili, upepo unakuvuta. Umesimama juu ya ubao, na chini ya ubao kuna mguu mrefu wenye mabawa madogo ya chuma. Ukipata mwendo, ubao wote unainuka juu ya maji.

Sasa bawa lilikuwa linalegea. Mama mkwe wake alikuwa amesema atafika ufukweni Jumamosi aangalie mara moja, kisha aamue kama Furaha aendelee. Likilegea Furaha akiwa mbali, mchezo umekwisha. Furaha akanipigia simu, maana kazi yangu ni kuziba mipira ya baiskeli.

Alhamisi alfajiri nilishuka mlima kwa miguu na mfuko wangu wa vyombo. Kwenye barabara ya bonde nikapata lori la mihogo, nikakaa juu ya magunia. Baada ya Sange joto lilinivua koti. Baada ya Kiliba niliona ziwa.

Ijumaa asubuhi tulianza kazi uani. Furaha alinionyesha jinsi ya kuutoa mpira: unafunga kamba mwishoni kwanza, ili kamba ibaki ndani ya kitambaa na kuurudisha mpira njia ileile. Kisha akaingia kupika. Nikaona doa jeupe kwenye mpira, nikasema moyoni, tundu ni hili. Nikachukua msasa, nikasugua kama ninavyosugua mpira wa baiskeli kabla ya kuweka gundi. Mara mbili tu. Mpira ule ni mwembamba kama mfuko wa plastiki. Kidole changu kikapita.

Nilikaa na mpira mkononi. Ningeweza kuweka kiraka na kunyamaza, nani angejua? Lakini Furaha ndiye angekuwa katikati ya maji.

"Dada," nikasema mlangoni, "nimelitoboa."

"Si lilikuwa limetoboka?"

"Hapa halikuwa. Hapa ni minye, mkono wangu huu."

Akaja kutazama, mwiko mkononi. "Weye ulifikiri iko tairi ya kinga?" Kinga kwao ni baiskeli. Kisha akacheka kidogo. "Njoo ule kwanza. Na huo msasa nisiuone tena."

Mgeni alikuwa ameacha viraka vya kubandika. Nilisafisha kwa spiriti, nikakausha, nikabandika polepole, nikakanda kwa kijiko mpaka hewa yote ikatoka chini ya kiraka. Tulipopaka maji ya sabuni, kiraka changu kilikuwa kimya, lakini povu lilitoka kwenye valvu. Nikaifungua. Ndani kulikuwa na kichwa kimoja cha ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, kikavu. Furaha alikuwa akianika bawa lake mchangani pamoja na samaki wa watu.

"Kumbe ni hiki," akasema, akiwa amekishika kwenye kiganja. Nikafunga valvu, povu likakoma, tukaurudisha mpira ndani kwa ile kamba. Tangu siku hiyo anaanika kivulini, juu ya kamba.

Jioni tulikaza skrubu za mguu. Maji ya ziwa letu hayana chumvi, lakini mchanga unakula nyuzi za skrubu, kwa hiyo nilifuta kila skrubu na kupaka grisi.

Jumamosi mchana upepo wa kusini ulipoanza, mama mkwe alifika na karanga zake kwenye kitambaa. Akaona mabaki ya viraka kwenye mfuko wangu wa vyombo.

"Nani aliziba?"

"Ni minye, Mama. Na aliyetoboa ni minye."

Akanitazama sana. "Basi ingia nalo majini weye kwanza."

"Mama, sijui kuogelea."

"Ndiyo vizuri. Ungejua kuogelea ungenidanganya."

Niliingia mpaka kifuani, nikalala juu ya bawa, miguu ikaacha mchanga. Furaha alishika kamba ya bawa. Wanawake waliokuwa wakigeuza ndagala waliacha kazi.

"Huyu wa mlimani anakumbatia bawa kama bibi arusi," mmoja akasema, wote wakacheka. Nilikuwa nasikiliza kiraka.

Mama mkwe alikula karanga moja moja mpaka zikaisha. Ndipo akaniita, akabonyeza bawa kwa kidole gumba, upande huu na upande ule.

"Iko ngumu," akasema. Akamgeukia Furaha. "Enda. Lakini usipite ile mitumbwi."

Furaha alienda. Ubao ukainuka, akapita juu ya maji bila kelele, akarudi, akaenda tena. Mama mkwe alikuwa amesimama muda wote, kitambaa kitupu mkononi.

"Muangalie," akaniambia polepole. "Hata hachoki."

Jumapili baada ya misa nilipanda kurudi. Nilijifunza kwamba mikono yangu iliyozoea kazi moja ilikimbilia nyingine bila kuuliza. Kiraka kinashika mpaka leo, lakini Furaha anapanda ubao kila wiki na mimi bado nina wasiwasi. Kama kuna mmoja wenu aliyewahi kuziba mpira mwembamba hivyo, au anayemjua aliyeziba, tafadhali aniandikie kiraka hudumu miaka mingapi. Mwandiko wowote nitausoma.