Chuma Kilichofukiwa Majivuni

Watu wakizungumzia malori ya zamani husifu injini. Mimi nawaambia lori ni mgongo wake, lile bomba nene la chuma la nyuma linalobeba ekseli na difu, zile gia za kuzungusha magurudumu. Likipasuka, injini yako ingurume mpaka magharibi, huendi popote. Nimeolewa na mchomeleaji, haya nayajua.

Miaka ya Ujamaa lori la kijiji, kule Mazingara, lilipasuka bomba hilo likiwa limebeba mahindi ya shamba la wote. Dereva akalifungua, yeye na mwenyekiti wa kijiji wakalileta kwetu Korogwe juu ya gari la mkonge. Lori likabaki njiani, mahindi juu, turubai hakuna, na mawingu yameanza kujaa.

Mume wangu, aliyejifunzia kazi kwenye shamba la mkonge la Ngombezi, alikwangua ule ufa, akalipasha moto bomba lote, akachomelea na kulipachika bapa la chuma kwa chini ili lisirudie. Kisha akalifukia kwenye majivu ya moto. Ilikuwa Ijumaa. Akaoga, akaniambia, "Naenda msikitini. Asiliguse mtu. Chuma hiki kikipozwa haraka kinapasuka upya."

Hajafika mbali, mwenyekiti akaja na ndoo ya maji.

"Shemeji, sogea."

"Unataka kuoga?"

"Nataka kulipoza. Mvua inakuja, mahindi ya watu yako nje."

"Maji hayo kanyweshe mbuzi."

"Hili bomba ni la kijiji, si lako."

"La kijiji, ndiyo. Majivu ni yangu."

Nikavuta kigoda, nikakaa mbele ya lile tuta la majivu. Dereva akacheka, mwenyekiti akamkata jicho. Nikamwambia aweke ndoo chini, mkono utamchoka. Akaiweka.

Lilipopoa ilikuwa alasiri, na mvua imeshapiga upande wa Handeni, lilikobaki lori. Mwenyekiti na dereva wakatafuta gari la kulirudisha bomba. Kesho yake nilipanda nao gari, maana jambo nimelisimamia mwenyewe, nilitaka kuliona mwisho wake. Magunia ya juu yalikuwa yamelowa chapachapa, ya chini makavu. Bomba likafungwa, lori likapanda mlima na mzigo wote mpaka kijijini.

Wanawake walikuwa wameshatandika mikeka ya kuanikia. Mmoja akauliza ni nani aliyelichelewesha gari mpaka mahindi yakalowa.

"Mimi," nikasema.

Akanitazama toka juu mpaka chini, akanisogezea ungo, nikakaa kuchambua.