Sabuni Iliyongoja Wageni

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, na hunijia hasa ninapoingia dukani hapa Newburg, mtaa wetu wa Louisville huku Marekani, nikakuta ukuta mzima wa sabuni za kila rangi, na hakuna anayezigombania. Nasimama pale na kigari changu mpaka watu wananiomba radhi ili wapite. Wewe ulizaliwa kambini ukakulia Louisville, kwa hiyo nivumilie nianzie mbali kidogo. Nina hasira, na mzee akiwa na hasira ni vizuri asikilizwe kabla hajanyamaza.

Ilikuwa Baraka, kwetu Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika, vita ilipotulia. Nasema ilitulia, sisemi ilikwisha. Vijana walikuwa wanashuka milimani, wanarudisha bunduki na kuambiwa waanze maisha ya raia. Mmoja wao alikuwa Bahati, mdogo wangu. Alipelekwa msituni na wapiganaji akiwa mtoto, akarudi na ndevu. Shule ilikuwa imeshampita, shamba letu lilikuwa limeota majani mpaka kiunoni, na kazi ya mshahara ilikuwa kitu cha kusimuliwa tu. Siku moja tukiwa tunang'oa muhogo aliniambia hivi:

"Dada, mi nimerudisha bunduki yabo. Lakini kule nilikuwa nakula. Hapa banipe kazi, nitafanya. Kama haiko, bale batu ba musituni banajua kwetu."

Hakuwa ananitisha. Alisema kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya sokoni, kisha akaendelea kung'oa muhogo.

Basi likaja shirika moja. Jina lake nimelisahau kwa makusudi. Likatukusanya sisi vijana, wengine waliotoka msituni, wengine kama mimi tuliotoka mafichoni, likatufundisha kutengeneza sabuni ya mawese ili tujiajiri wenyewe. Na ukweli usemwe, mafunzo yalikuwa mazuri. Tulijifunza kuchemsha mawese, kuyeyusha soda kostiki nje penye upepo, kukoroga bila kupumzika mpaka uji uwe mzito, kumimina katika fremu za mbao, kisha kukata vipande kwa waya. Bahati alikuwa na mkono wa kazi hiyo kuliko sisi wote. Soda ilimuunguza kifundo cha mkono, naye akawa anakionyesha kwa watu kwa furaha, kwa sababu lilikuwa kovu lake la kwanza ambalo hakulipata vitani. Mama yangu alianza kuimba tena akipika, na ilikuwa miaka sijamsikia.

Lakini sisi ni sisi, mwanangu. Wakongomani watatu wakikutana, wawili ni wakubwa na wa tatu anagombea. Kabla kipande cha kwanza hakijakauka, tulikuwa tumeshachagua rais, makamu wa rais, katibu, mweka hazina na mshauri. Rais wetu alikuwa kijana mwenye tai moja, na tai hiyo aliivaa hata siku za kukoroga mawese. Sabuni ilipokauka, depo, yaani ghala letu, ikajaa hadi dirishani, akasimama akatuambia hakuna kuuza.

"Bon, tunangoja bageni ba Bukavu," alisema. "Batakuya kukata utepe, batapiga picha, donc ijulikane. Kisha njo tutauzisha."

Tukapiga makofi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba tulipiga makofi. Tulifundishwa tangu utotoni kwamba jambo lisilofunguliwa na mkubwa halijaanza. Hata choo cha shule kwetu kilifunguliwa kwa hotuba. Wageni, yaani wakubwa wa jimbo, wakasema watakuja wiki ijayo. Wiki ijayo mvua ikaharibu barabara. Barabara ikatengenezwa, mkubwa akawa amesafiri. Bahati alikuja depo kila asubuhi, akafagia, akageuza vipande vya sabuni ili vikauke pande zote, halafu akakaa kizingitini mikono ikiwa mapajani. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na la kwake lilikuwa tupu.

Akaja Koko Sifa. Huyu alikuwa bibi mjane, muuza ndagaa, mwenye wajukuu wengi na uvumilivu mdogo. Alikuja na beseni la nguo kichwani, akalitua mlangoni, akamuuliza rais wetu, pesa mkononi:

"Sabuni iko ndani?"

"Iko, Koko."

"Na mimi niko inje na makuta mukononi. Sasa nani anakatalia?"

"Bageni bado, Koko. Hatuyafungua."

Akacheka kicheko kikavu, akaketi pale pale juu ya kizingiti kando ya Bahati. "Batoto yangu, uchafu haingojaka mugeni. Mutu wa kununua iko mbele yenu, nanyi munamutafuta mwenye iko Bukavu, mwenye nguo yake ni safi." Kisha akamshika Bahati mkono, ule wenye kovu. "Na huyu? Munamuachia abakie hapa bure mpaka lini? Mikono ya huyu ilijua kazi ingine mbele ya hii. Mukiinyima kazi, itakumbuka ile."

Wenzangu wakacheka. Rais akasema wazee wa zamani hawaelewi mambo ya miradi. Mimi nilijua bibi yule anasema kweli, lakini kwetu msichana hakuwa anasema mbele ya kamati, nami sikusema. Koko Sifa akajitwika beseni lake akaenda kuchapa nguo kwenye mawe kwa maji matupu.

Haukupita muda, boti zikaanza kufika kutoka Tanzania. Wakimbizi walikuwa wanarudi nyumbani, boti baada ya boti, na kila familia iliyoteremka ilipewa turubai, ndoo, na sabuni. Sabuni ya bure, mwanangu, iliyotoka nchi ya mbali, nyeupe, yenye harufu ya maua. Na waliokuwa wanaigawa ni shirika lile lile lililotufundisha sisi kutengeneza. Ofisi ya mafunzo na ofisi ya misaada zilikuwa katika ua mmoja, na nadhani hawakuwahi hata kusalimiana. Watu waliorudi walikuwa na njaa, kwa hiyo walipeleka sabuni ile sokoni wakaiuza kwa bei ya kuokota. Siwalaumu. Ningekuwa mimi ningeiuza.

Wageni wetu wakafika katikati ya hayo yote. Utepe ukakatwa. Mkubwa akanusa kipande cha sabuni yetu, akasema nchi itajengwa na vijana wajasiriamali. Wakapiga picha na Bahati, wakamwambia atabasamu. Wakala mbuzi, wakaondoka na vipande vya zawadi. Kesho yake tukafungua mlango kwa shangwe, na hakuna aliyekuja. Kwetu husemwa mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni alikuja, mwenyeji hakupona.

Bahati alingoja siku chache zaidi. Halafu siku ya soko, mchana kweupe, akanipa aproni yake ameikunja vizuri, akamuaga mama yetu akisema anakwenda kutafuta kazi, akashika njia ya mlimani. Nilimfuata mpaka nyumba ya mwisho ya mji. Nikamwambia arudi, tutauza, watu watanunua. Akaniambia, "Dada, kwa bale ba mulimani haitakiki bageni ba kufungua." Aliuawa kabla muhogo wetu haujakomaa, na mwili hatukuuona. Mama aliacha kuimba, na hakuimba tena mpaka tulipomzika.

Nimeyafikiria maneno yake miaka yote hii, nikiwaogesha na kuwavisha wazee wa watu hapa Louisville, maana kazi hiyo mikono inafanya na kichwa kinabaki na nafasi ya kuumia. Yule kamanda wa msituni aliyemwita ndugu yangu hakuhitaji utepe. Alimwambia njoo, akampa kazi siku ile ile.

Sasa wewe, mwanangu. Mwezi uliopita mlinialika kwenye mkutano wenu kule Reynoldsburg, karibu na Columbus, ninyi vijana wa kwetu mlioko Louisville, Columbus na Buffalo. Nilifurahi, nisikufiche. Mmekesha kwenye maghala na viwandani, mmejinyima, mmenunua mashine ya kuchomelea vyuma na jenereta, na vyote vimeshafika Baraka ili vijana wa kule wafanye kazi wasirudi msituni. Nikasema kimoyomoyo, Mungu ametuonyesha. Halafu nikasikia kwamba mashine imefungiwa chumba cha kanisa kwa kufuli, mpaka ninyi mpate likizo msafiri wote na vitenge vya sare kwenda kuifungua. Na mkutano mzima, tangu mchana hadi giza, mlibishana ni mji gani utashika makasi. Columbus wakasema wao ni wengi. Buffalo wakasema wazo lilikuwa lao. Nilipouliza ni nani anachomelea vyuma kwa sasa, wewe mwenyewe ulinijibu, kwa adabu lakini ulinijibu: "Mama, lazima kwanza ionekane." Nilitaka kulia mbele za watu. Ni rais wetu yule yule, safari hii bila tai.

Nisikilize basi, na usinielewe vibaya. Sikatai biashara kwa vijana. Sijaona dawa nyingine ya ugonjwa ule, na nimeona nyingi zikijaribiwa. Lakini kijana asiye na kazi katika nchi iliyotoka vitani si sawa na kijana asiye na kazi hapa. Hapa akikosa kazi anakaa kwenye kochi la mama yake huko Linden, mtaani Columbus. Kule kuna mtu anayemngoja, na mtu huyo hana kamati.

Kwa hiyo leo ukitoka ibadani piga simu Baraka. Usiitishe mkutano, utachelewa. Waambie wavunje kufuli, waitoe mashine barabarani ambapo watu wanapita, waanze na baiskeli iliyokatika na jembe lililolegea. Mteja wa kwanza ndiye mgeni wa heshima. Kisha uliza kule, tena uulize vizuri, kama kuna shirika linalokuja kugawa bure kile mnachotaka kiuzwe, maana hilo halitangazwi kwa wenye duka. Na mzee akija kuketi mlangoni akawagombeza, mpeni kiti. Sherehe mkiitaka mtaifanya mwakani, wakati vijana watakuwa na uwezo wa kumchinja mbuzi wao wenyewe, na msipoifanya kabisa hakuna atakayekufa.

Ukinikasirikia, kasirika. Mimi ni mama yako kwa umri hata kama si kwa damu, na sina muda wa kukubembeleza.

Mungu wa baba zetu akubariki, mwanangu, wewe na wenzako wa miji yote mitatu. Akupe sikio jepesi na mkono mwepesi zaidi. Ajalie kila mlichokinunua kwa jasho kipate moto wa kazi, kisipate vumbi. Na yule kijana aliyeketi leo hii mbele ya mlango wenu uliofungwa, ambaye mimi sijui jina lake na wewe pia hulijui, Mungu amshike pale pale alipo hadi simu yako ifike.