Wasuka Vikapu Sitini na Nne wa Mto Tarach

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mchanga wa Mto Tarach, hapa nje kidogo ya Kakuma, bado una ubaridi, na Awoi Lobuin anatembea ukingoni na akala zake za matairi, makopo mawili mkononi. Kopo moja limejaa kokoto, jingine li tupu. Akifika kwenye mgunga, anaugusa, anauzunguka kuangalia kama shina lina jeraha la shoka, kisha anahamisha kokoto moja.

"Ejok," anamsalimu mgeni bila kugeuka. "Ngoja kwanza hapo. Ukiniongelesha, hesabu itapotea."

Mgeni anangoja. Kokoto ya mwisho inalia ndani ya kopo, na Awoi anavuta pumzi. Miti mia moja arobaini na mitatu. Hakuna uliokatwa tangu jana. Sasa yuko tayari kuongea, na akianza kuongea, mama huyu, wewe ndiye utakayeomba kupumzika.

Ana umri wa miaka arobaini na mmoja, au karibu na hapo, kwa maana kitambulisho chake kinasema hivi na kaka yake anasema vile. Ana watoto wanne. Asubuhi ni mlinzi wa miti, mchana ni mfinyanzi wa majiko ya udongo. Lakini mpaka Septemba mwaka jana, 1997, miti hii anayoipapasa alikuwa akiiangusha na kuichoma makaa.

"Hii mikono imekula miti mingi," anasema akiinyoosha. "Sikuwa na ubaya na miti. Nilikuwa na watoto."

Mbuzi wa nyumba yake walikwisha kwa ukame wa 1992. Mumewe, Asekon, alibaki na fimbo isiyo na cha kuchunga, akaenda kutafuta vibarua Lodwar na hadi leo huja na kuondoka. Mwaka huohuo kambi ya wakimbizi ilifunguliwa Kakuma. Maelfu ya watu walipewa mahindi na maharagwe, na kila sufuria ilihitaji moto. Awoi hakuwa na mbuzi, ila alikuwa na miti.

Miti hiyo si ya ovyo. Kwa Waturkana, kila familia ina kipande chake cha miti kando ya mto, kinachoitwa ekwar. Mbuzi wako watakula maganda ya mgunga katika ekwar yako, na hutaokota hata ganda moja kwa jirani bila kuomba. Basi hata wanawake walipoanza kuchoma makaa, kila mmoja alichimba tanuru lake ndani ya ekwar ya nyumba yake. Ungeweza kumwibia mtu mume, anacheka Awoi, lakini si mti.

Kwa mwezi alitoa magunia manne. Gunia lilimpa shilingi tisini likibebwa na lori la Abdimajid, mfanyabiashara wa Lodwar. Kambini aliuza kwa kopo, na mara nyingi alilipwa mahindi. Mteja wake mkubwa alikuwa Nyaboth, mkimbizi kutoka kusini mwa Sudan, ambaye siku nyingine aliuza nusu ya mgao wa chakula ili apate makaa ya kupikia nusu iliyobaki.

"Mimi na dada Awoi, sisi wote tulikuwa tunakula huo mti," anasema Nyaboth. "Yeye anakata, mimi nachoma. Mto ulikuwa unaisha, tunaona kwa macho, lakini utafanya nini?"

Februari 1997 mradi mmoja wa mazingira ulimtuma karani kutoka Lodwar, kijana mpole aitwaye Lokeno, na fomu zake. Alipita nyumba kwa nyumba akiuliza swali moja: unafanya kazi gani? Hakusema kwa nini anauliza, kwa sababu hakuambiwa aseme.

Jamani, nani angesema ukweli? Kuchoma makaa kulikuwa na kesi. Askari wa msitu walikuwa wakimwaga magunia na kuwapeleka watu kituoni. Tena Waturkana hawapendi kuhesabiwa, wawe watu au mifugo. Basi mwanamke wa nyumba ya kwanza alimwambia karani kwamba anasuka vikapu. Jibu likakimbia kumzidi Lokeno. Alipofika nyumba ya pili alikuta vikapu, ya tatu vikapu, mpaka kwa Awoi.

"Nikasema vikapu," anakiri Awoi akijifunika mdomo. "Na mimi hata kusuka sijui. Akaniuliza, iko wapi mama? Nikamwambia imenunuliwa yote."

Sajili ikaenda Lodwar: wasuka vikapu sitini na nne, wachoma makaa watatu. Kati ya hao watatu, mmoja alikuwa amelewa siku hiyo, na mlevi hana siri.

Njia ya mwongo ni fupi, na hii iliishia kwenye baraza, wiki ya kwanza ya Septemba. Afisa wa mradi alisimama mbele ya ofisi ya chifu akatangaza kwamba kuanzia tarehe mosi Oktoba, Tarach inafungwa. Hakuna mti mbichi utakaokatwa, na lori la makaa halitapita. Ila mradi haukutaka mtu aumie. Kila aliyeishi kwa makaa angepewa kazi ya kulinda miti, kupanda miche au kufinyanga majiko yanayokula kuni kidogo. Kulikuwa na pesa za watu sitini. Kisha akafungua karatasi na kusema kwa furaha kwamba, kwa bahati nzuri, takwimu zinaonyesha watakaopoteza kazi ni watatu tu.

Awoi anasema alisikia masikio yakivuma. Wanawake walitazamana, wakatazama chini. Kando ya afisa alikuwa amesimama askari. Kunyamaza kulikuwa na maana moja: mto ufungwe, kazi ziende kwingine, naye arudi nyumbani kwa watoto wanne bila makaa, bila mbuzi na bila mshahara. Mficha uchi hazai. Awoi akainuka.

"Nilisema, bwana mkubwa, mimi nilidanganya. Mimi si wa kikapu. Mimi ni wa makaa, miaka tano sasa. Kama ni kushika, nishike, lakini andika ukweli."

Askari hakusogea. Afisa ndiye aliyekasirika, na si kwamba hakuwa na hoja. Leo makaa yamekuwa kazi kwa sababu kuna cha kupewa, alisema, na kesho Kakuma nzima itadai ni wachoma makaa. Atathibitishaje? Hata hivyo alimpa Lokeno siku kumi za kuleta sajili yenye ushahidi. Zikipita, majina ni yale matatu.

Lokeno, ambaye sasa ameketi kwenye kivuli na chai yake, anakumbuka alivyoogopa. "Nilikuwa nimepeleka uongo ofisini kwa mkono wangu, na sahihi yangu iko chini. Nikamuuliza mama, nitajuaje nani ni nani? Akanicheka. Akasema, mwanangu, uliuliza watu. Uliza mto."

Walianza asubuhi iliyofuata, kwa miguu. Uongo unaweza kuuficha mdomoni, lakini tanuru la makaa huliondoi ardhini. Linaacha doa jeusi kama mahali ng'ombe alipolala, na udongo ulioiva mwekundu. Na kwa kuwa hakuna aliyechoma katika ekwar ya mwenzake, kila doa lilikuwa na mwenyewe. Awoi aliyajua yote.

Lakini alikataa kumtaja mtu ambaye hajasimama mwenyewe kwenye tanuru lake. Siku ya kwanza walipita madoa kumi na tisa, na hapakuwa na mtu. Walijificha. Aliyesimama ni Awoi peke yake, kwenye doa lake mwenyewe, na Lokeno akaandika jina moja.

Jioni hiyo Awoi aliketi mlangoni akisubiri askari. Alikuwa amewapikia watoto mapema, na amemwambia binti mkubwa mahali unga ulipo. Jua likatua. Askari hakuja.

"Nilikuwa nahesabu kila mtu anayepita njiani," anasema. "Halafu nikasikia usingizi, kama mtu ametua mzigo."

Asubuhi walikuta wanawake kumi na mmoja, kila mmoja amesimama juu ya doa lake jeusi, kanga zimefungwa kifuani. Lokeno anasema nusura alie. Kufikia siku ya sita walikuwa sabini na mmoja, wakiwamo wanne ambao sajili ya kwanza haikuwakuta nyumbani.

Katikati ya kazi hiyo Awoi alitoa wazo lililomgharimu usingizi baadaye. Usiandike jina tu, alimwambia karani. Hesabu na miti iliyobaki katika kila ekwar. Mwenye miti mitano ndiye atakayelala njaa kwanza, na huyo ndiye apewe kazi kwanza. Lokeno akaongeza mstari mmoja kwenye fomu: jina, tanuru, miti iliyosimama. Ikawa sajili ya watu na ya mto kwa pamoja, na ofisini Lodwar, wanasema, hawakuwahi kuona kitu hicho.

Tatizo ni kwamba Awoi alikuwa mchoma makaa mwangalifu. Alikata matawi zaidi kuliko mashina. Ekwar yake ilikuwa na miti mia moja arobaini na mitatu. Kwa kipimo chake mwenyewe, alikuwa karibu na mkia wa foleni.

"Nilijiambia, Awoi, umejichimbia shimo kwa jembe lako."

Siku ya tisa, afisa akiwa ameikubali sajili na mpangilio wake, majina yalisomwa palepale mbele ya ofisi ya chifu. Walisoma ishirini, arobaini, hamsini. Awoi alikuwa ameacha kusikiliza, anasema, alipopigwa kiwiko na jirani. Alikuwa wa hamsini na saba. Aliketi chini mavumbini, akacheka mpaka watoto wakaona aibu.

Kumi na mmoja waliokosa hawakutupwa. Waliruhusiwa kuokota kuni kavu na kuuzia mradi, na Januari hii, kazi ya majiko ilipopanuka, wote waliingizwa. Na afadhali Awoi na Lokeno walivyoharakisha. Oktoba, mwezi mmoja tu baada ya usajili, mvua kubwa ilishuka, Tarach ikajaa ukingo hadi ukingo, na maji yalipopungua hapakuwa na doa jeusi hata moja. Ushahidi wote ulikuwa umekwenda na mchanga.

Maisha hayajawa mteremko. Mshahara wa Awoi ni shilingi elfu moja na mia mbili, na miezi miwili iliyopita ulichelewa. Abdimajid analalamika kwamba lori lake lilikaa miezi mitatu bila mzigo, ingawa sasa linapeleka majiko Lodwar. Na udongo wa kufinyanga uko mbali. Lakini Awoi hakohoi tena kwa moshi wa tanuru, na mwanawe wa pili amerudi shule.

Kambini, Nyaboth anainua sufuria kuonyesha jiko. Kuni zilizokuwa zikiisha kwa siku moja sasa zinafika siku ya tatu. "Sasa mahindi yangu nakula yote," anasema. "Naye dada akija, namlisha."

Mwezi ujao mradi unahamia Namoruputh, karibu na mpaka wa Uganda, ambako wanawake nao wanaishi kwa makaa. Awoi ameombwa aende wiki mbili, atembee mbele ya karani. Hajawahi kufika huko. Amekubali, ila kwa sharti moja, na sharti hilo alilipeleka mwenyewe Lodwar kwa afisa yuleyule.

"Nilimwambia, lile swali lenu ni bovu. Ukiuliza mama unafanya kazi gani, ataogopa, atasema vikapu. Wewe muulize hivi: tukifunga mto kesho, jioni utapikia watoto nini? Hapo hawezi kukudanganya."

Afisa aliomba kalamu, anasema Lokeno. Fomu mpya zimechapishwa wiki hii. Swali la Awoi ndilo la kwanza.