Mfuko Uliomkalisha Swala

Mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, hufundisha darasa la kwanza. Ukiona vitu vilivyo chini ya meza yake utadhani anahama: besheni la mchanga mkavu, vipande vya gunia, sponji na magome ya kupapasa. Hata miguu ya baadhi ya viti ameifunga tyubu kuukuu ya baiskeli, ili mtoto asiyetulia asukume tyubu kwa nyayo badala ya kumpiga teke jirani.

"Unafundisha au umefungua gereji?" nilimuuliza siku moja.

"Mjomba, mwili wa mtoto ukishiba, ndipo kichwa nacho kinakula."

Sikumbishia. Enzi zetu hakuna aliyehitaji besheni. Tulisokota kamba, tukapukuchua mahindi, tukafinyanga matofali. Tulipofika darasani viungo vilikuwa vimeshasema yao yote. Leo mtoto anafungiwa ndani na televisheni, kisha watu wanashangaa akiruka kitini kama bisi sufuriani. Kazi za mikono tumezitupa jalalani, na mwalimu ndiye anayeziokota.

Darasani mwake alikuwamo msichana ambaye wenzake walimwita Swala. Kengele ikilia, au meza ikiburutwa, huyo mlangoni. Aliwahi kukutwa barabarani, katikati ya magari. Mwalimu mkuu, mtu mwema ila mwoga wa lawama, akasema Ijumaa atakuja kukaa kipindi kizima. Swala akitoka mbio tena, atarudishwa kwa bibi yake mpaka akue.

Mpwa wangu hakutishika, maana dawa alikuwa nayo: mfuko wa kitambaa kigumu uliojaa maharage, ameushona kwa mkono kama alivyofundishwa na mama yake. Siku hizi wangapi wanajua hata kutia uzi sindanoni? Swala akiupakata mfuko ule, hutulia. "Unanishika," alimwambia mwalimu wake, "lakini haunibani."

Sasa, mpwa wangu amemrithi mama yake usafi pia. Alhamisi jioni aliuona mfuko umejaa chaki na makamasi, akaja nao nyumbani tunakoishi, akautumbukiza kwenye ndoo ya maji ya sabuni, maharage yakiwa humo humo, akausahau. Asubuhi nilimsikia anacheka peke yake uani. Mfuko ulikuwa umevimba kama chura, mishono imefumuka, maharage yanachungulia.

"Ulitaka kufua au kupika?" nikamuuliza.

"Usinicheke, Mjomba. Leo ndiyo leo."

"Asemaye kesho mwongo," nikamalizia, nikachukua bakora yangu, nikamfuata.

Nilikaa kwenye benchi la nje, chini ya dirisha, nikichungulia ndani. Mwalimu mkuu aliingia amekumbatia rundo la madaftari ya darasa la sita, asahihishe huku akiangalia. Hata hajakaa, mtoto mmoja akaburuta meza. Swala akasimama. Mlango ulikuwa wazi. Mpwa wangu akaweka chaki chini amfuate.

Msichana akaenda hadi mbele ya mwalimu mkuu, akalitazama lile rundo.

"Shikamoo, Mwalimu. Hayo mazito?"

"Marahaba. Mazito sana."

"Naomba."

Mzee wa watu akampa kabla hajafikiri. Swala akarudi kitini, akalipakata rundo, akaweka mikono juu yake, akaendelea kusoma silabi na wenzake.

Baada ya kitambo mwalimu mkuu akanong'ona, "Mwalimu, na kazi yangu je?"

"Utaipata kipindi kikiisha."

"Nikae hivi hivi?"

"Soma na sisi. Tumefika 'ba'."

Watoto wakaangua kicheko, naye akasoma, sauti nzito kuliko zote. Nami pale nje nilikuwa nacheka mpaka benchi linatikisika.

Kengele ikalia. Swala akafumba macho, akayakumbatia madaftari, akabaki pale pale.

Mwalimu mkuu akamwinamia. "Naweza kuyachukua sasa?"

"Bado."

Akamgeukia mpwa wangu. "Mwambie bibi yake Jumatatu amlete kama kawaida. Hayo nitayafuata mchana."

Akatoka mikono mitupu.