Adeer alimtafutia marehemu baba thawabu, akafuta sauti yake yote

Wakuu, asalaam aleikum, na wale wa salamu nyingine pia nawasalimu.

Hii si chai. Ni ya nyumbani kwetu hapa Garissa, na naiandika nikiwa bado nimekereka, kwa hivyo mnivumilie.

Baba yetu, tunamwita Aabo, alifariki baada ya Ramadhani iliyopita. Allah amrehemu. Alikuwa dereva wa lori la mifugo. Mbuzi na kondoo kutoka Tarbaj, Modogashe, mpaka soko la hapa, miaka nenda miaka rudi. Sisi wote tumesoma kwa mgongo wake.

Na alipenda muziki jamani. Nyimbo za zamani za Kisomali, zile za oud, kile kinanda cha nyuzi, kwenye kaseti. Wakati wa swala anasimamisha lori, anaswali, mbuzi wanangoja. Akimaliza, wimbo unaendelea pale ulipoishia.

Alishikilia kwamba mbuzi wakisikia oud hawakanyagani. Ukimwambia mbuzi wako nyuma na spika iko mbele, anakuongezea sauti.

Sasa, enzi hizo, kabla hatujahamia hapa, kwetu Tarbaj hakukuwa na network. Akiwa safari ndefu alirekodi maneno kwenye kaseti, akampa dereva mwenzake amfikishie mama yetu, Hooyo. Barabara ikoje, mtoto amepona kikohozi, ngamia yule mkorofi amepatikana? Mkanda ukibaki, anaujaza wimbo na kuimba juu yake. Vibaya.

Watu wengi wa huku tumelelewa na kaseti hivyo.

Simu zilipokuja, zile kaseti alizitunza kwenye sanduku la bati. Alikuwa amevunja vile vijino viwili vya juu ili mtu asiweze kurekodi juu yake.

Shikeni hapo kwenye vijino.

Watu wa msiba walipotawanyika, Adeer, yaani ndugu mdogo wa Aabo, akaliona sanduku. Ni mtu wa msikitini na ni mtu mzuri, nasema hivyo kabla sijaanza kumsema. Akaingiwa na hofu kwamba kaka yake yuko kaburini na huku nyuma ameacha sanduku zima la nyimbo.

Hakumuuliza mtu. Akalibeba mpaka kwa fundi wa redio pale Galbet, Mkamba mmoja. Fundi mwenyewe ndiye aliyenieleza baadaye alivyoambiwa, kwa lafudhi ile ile ya Adeer: "Nyimbo yote ondoa. Weka Qur'an, side mbili. Nataka ndugu yangu abate thawabu."

Fundi akamwonyesha vijino vimevunjwa, kwamba mwenyewe hakutaka zifutwe. Adeer akamwambia abandike selotepu pale palipovunjwa, itarekodi tu. Akabandika.

Wakuu, Qur'an iko kwenye simu ya kila mtu. Nani leo anasikiliza kaseti? Aliyekuwa anasikiliza ndiye tumemzika.

Hooyo yuko eda, hatoki nje. Tangu msiba hajaomba chochote, hata kula tunambembeleza. Jioni moja akaniomba kitu kimoja tu, nimwekee kaseti amsikie mumewe.

Nikaweka. Ikatoka Qur'an. Hooyo akavuta mtandio vizuri, akasikiliza kwa adabu mpaka mwisho wa sura. Kisha akaniuliza, "Baba yako yuko upande gani?"

Nikageuza. Nikaweka nyingine. Nikaweka sanduku zima.

Hapo unamkasirikia nani? Qur'an huwezi. Nampigia Adeer, anapokea kwa furaha, anadhani napiga kushukuru. Nilipomweleza mle mlikuwa na maneno ya mtu na mkewe akasema alidhani ni nyimbo tu. Alidhani! Nilikata simu nikatembea uani kama mwehu.

Na huko uani ndiko nilikoliona lori la Aabo.

Redio ya lori ilimeza kaseti zamani, na Aabo hakuwahi kukubali ichokolewe. Nikamwita yule yule fundi. Adeer naye akaja, hakuna aliyemwita, akasimama kando na tasbihi yake. Hooyo akaketi ndani, karibu na dirisha.

Fundi akafungua dashibodi, akaunyoosha mkanda taratibu, akabonyeza. Kwanza zikatoka kelele za mbuzi. Kisha Aabo, kwa Kisomali, anakohoa. Yuko Modogashe, tairi limepasuka, asingojwe. Halafu: "Ndugu yangu akija na mawaidha yake, mpe chai kwanza. Huyo hugomba akiwa na njaa."

Kisha oud, na yeye juu yake, nje ya mdundo kama kawaida.

Hooyo alicheka. Akalia pia, lakini alianza kucheka.

Nikamtazama Adeer, namngoja aseme haramu ili nimtolee hasira zangu zote. Vidole vyake vilikuwa vimesimama kwenye tasbihi. Akamwambia fundi, "Rudisha nyuma. Bole bole, isikatike."

Siku hizi anakuja kila alasiri, eti kumjulia hali shemeji. Anapewa chai kwanza. Halafu anaenda kukaa ndani ya lori, na mimi bado sijamaliza kumkasirikia.

Funzo langu ni fupi: kabla hujamtendea marehemu wema, muulize mjane wake.

Nisemeni, nishaurini, hata mkitaka kumtetea Adeer mteteeni. Ila nina ombi. Kama wewe ni dereva wa njia ya Modogashe, au mzee wako alikuwa, na kuna kaseti mliyopewa mumfikishie mke wa dereva mmoja wa makelele kule Tarbaj, ikasahaulika chini ya kiti, ileteni.

Sitauliza mbona mmechelewa.