Nusu Kilo Bila Mfupa

Siku ya kwanza Nyanchera kuingia kwenye bucha yangu pale Keroka, alikuja na mizani yake. Ilikuwa ndogo, ya jikoni, bapa kama sahani. Akaiweka kwenye kaunta kando ya kisu changu.

"Nipimie nusu kilo, tata," akasema, maana kwetu mwanamume wa rika la baba yako unamwita tata. "Bila mfupa. Halafu na mimi nitapima."

Mimi Ombati nimeuza nyama miaka kumi na tisa. Nilianza na matumbo kwenye beseni, nikiyazungusha kwa miguu kutoka Birongo, na hakuna aliyenifundisha kuuza. Nikamwambia, "Mama, mfupa uko ndani ya kilo. Ukitaka tupu, hiyo ni bei ya steki."

"Na mfupa nitaudungia sindano ngapi?"

Sikuelewa swali. Nilidhani ni matusi mapya ya vijana. Nikakata, nikapima: nusu kilo kamili. Akaihamisha kwenye mizani yake: gramu mia nne na sitini.

"Hako kako ni ka kupimia pilipili," nikasema.

Hakubishana. Alitoka, akanunua pakiti ya chumvi ya nusu kilo duka la jirani, akaiweka kwenye mizani yake. Mia tano. Akaiweka kwenye yangu. Mia tano na arobaini.

Osoro, fundi wa viatu, alikuwa nyuma yake kwenye foleni. "Ombati! Na nyama zangu zote tangu Krismasi?"

Ukweli ni kwamba nilijua mizani inazidisha kidogo. Sikujua ni gramu ngapi. Tukaelewana hivi: yeye atalipa bei ya steki, mimi nitapima kwa mizani yake. Kila mmoja aliondoka akiamini amemweza mwenzake.

Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Alinunua ndizi mashambani upande wa Nyaramba, akazileta Keroka na kuzipakia kwenye lori za Nairobi. Hakumwachia mtu kazi ya kupanga. Alipanda mwenyewe juu ya lori, akipokea mkungu baada ya mkungu, kwa sababu mkungu uliopangwa vibaya hufika umeoza. Na tangu kidato cha kwanza alikuwa na sukari, ile aina ya kwanza ambayo mwili hautengenezi insulini kabisa. Bila sindano hakuna Nyanchera. Haya yote alinieleza akihesabu chenji, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda posta.

"Ugali ndio ulinishinda," alisema. "Nikila, sukari inapanda. Nikidunga, inashuka mpaka magoti yanalegea, na mimi niko juu ya lori. Nikaamua nile nyama, mayai na mboga. Sasa nashinda siku nzima bila kuyumba."

"Basi kula," nikamwambia. Kilo tatu kwa wiki, steki. Ningemwambia nini kingine?

Alasiri moja, mwezi haujaisha, alisimama mbele ya kaunta akitetemeka. Jasho lilimtiririka na baridi ilikuwa ya Keroka kabisa. Nimeona wateja wakijifanya wagonjwa ili bei ishuke. Nikakunja mikono. "Hata ukianguka, bei ni ile ile."

"Soda," akasema. "Ya sukari. Haraka."

Sauti yake haikuwa ya mnunuzi. Nikampa soda, akainywa kwa mikupuo mitatu, akakaa juu ya kreti. Baada ya robo saa alijipima kidole, akarudi kuwa yeye.

"Nilidunga kipimo cha ugali," akasema, "halafu nikala nyama na mboga ya managu peke yake. Dawa ilitafuta ugali, haikuukuta."

"Sawa. Soda utalipa, na chupa utarudisha."

"Tata, wewe utazikwa na kikokotoo."

Tangu siku hiyo alijifunza, lakini alijifunza nusu. Ile insulini ya kutwa hakuiacha. Ile ya chakula, siku za nyama bila ugali, aliiacha kabisa. Hakutetemeka tena, akafurahi. Lakini kipimo cha asubuhi kikaanza kusoma kumi na nne, kumi na tano, badala ya saba au chini, na yeye haelewi kwa nini. Kile cha miezi mitatu, kinachoonyesha jinsi sukari ilivyokaa kwa jumla, kikarudi tisa nukta nane, na kinatakiwa karibu saba.

Sista Celestine, muuguzi wa kliniki ya sukari, akampa neno la mwisho: ajieleze Jumatano ijayo, ama arudi kwenye sahani ya ugali kama wengine. Kwa Nyanchera hiyo ilikuwa sawa na kuambiwa ashuke kwenye lori.

"Amesema nije na mtu anayejua ninachokula," aliniambia.

"Mpeleke mama yako."

"Mama yuko Birongo na majani chai yake. Yeye anajua ninachokataa tu. Anayejua ninachokula ni wewe."

Nikafikiri. Kilo tatu za steki kila wiki si kitu cha kuachia Sista. "Nitakwenda," nikasema. "Mkungu mmoja wa ndizi. Kilo kumi na tano, si chini."

"Kumi na mbili."

"Basi mpeleke Osoro wa viatu."

"Kumi na tano, tata. Mungu anakuona."

Kliniki ilikuwa imejaa. Sista Celestine ni mwanamke mfupi mwenye miwani kwenye kamba, na hakuwa na muda wa salamu ndefu.

"Huyu ni nani?"

"Mtu wangu wa nyama."

"Nilisema mtu wa nyumbani!"

"Nyumbani naishi peke yangu, Sista."

Akaguna, akafungua daftari la Nyanchera, akasoma kwa sauti. "Jumatatu usiku: sijala. Jumanne asubuhi: kumi na tano. Alhamisi usiku: sijala. Ijumaa asubuhi: kumi na sita. Nyanchera, kama hukula, sukari inatoka wapi? Kwenye hewa?"

"Ndiyo nashangaa na mimi."

Hapo nikaona biashara yangu ikizama. "Ngoja kidogo," nikasema. "Jumatatu jioni ulibeba nusu kilo. Alhamisi ukabeba nusu nyingine. Nani alikula?"

"Mimi."

"Na hapa umeandika hujala," Sista akasema.

"Sikula chakula, Sista. Nilikula nyama tu."

Mzee mmoja kwenye benchi akaitikia, "Lakini amesema kweli. Bila ugali hiyo ni kuonja." Benchi zima likaangua kicheko, na Sista akavua miwani afute machozi. Hakuna aliyemwona mwongo. Kwetu unaweza kumlisha mgeni nyama mpaka afungue mshipi, na kama obokima, huo ugali wetu, haukufika mezani, atarudi kwake aseme hakupewa chakula. Nyanchera aliandika kama alivyolelewa. Na kwa sababu "hajala," hakudunga.

"Mimi nina vyeti, lakini hata mama yangu angeandika hivyo hivyo," Sista akasema. Kisha akaeleza. Ugali hupandisha sukari upesi. Nyama nyingi isiyo na wanga huchelewa; mwili hugeuza sehemu yake kuwa sukari polepole, saa tatu, nne, hata tano baadaye, wakati mtu yuko kitandani. Ukidunga yote mapema, utatetemeka kama siku ile ya soda. Usipodunga, utaamka na kumi na sita.

Alimwita daktari, wakapanga kipimo kidogo cha kuanzia, kikigawanywa: sehemu wakati wa kula, sehemu baadaye akishajipima. "Hesabu hii ni ya Nyanchera," akatuonya sisi wa benchi. "Mtu asiende kumgawia jirani." Akaagiza mkojo upimwe kuona figo. Halafu akageukia nyama. "Gramu mia moja na hamsini kwa mlo. Siku nyingine mayai, siku nyingine maharagwe, na maharagwe yana wanga, yahesabiwe."

"Sista," nikasema, "weka mia mbili."

"Hapa si sokoni."

"Anapakia lori, Sista."

Akamtazama Nyanchera mabegani. "Siku za lori, mia moja na themanini. Na wewe funga mdomo."

Miezi mitatu iliyofuata nilimpimia gramu kwa gramu, na yeye akaandika kila kilichopita mdomoni, hata kipande cha kuonja chumvi. Kila asubuhi alipopita kwenda kwenye lori aliinua vidole bila kusimama: nane. Saba. Siku moja ngumi mbili na kidole: kumi na moja. Alikuwa ametoka Birongo, na matoke ya mama yake hayajui kliniki. Osoro alianza kuuliza "leo ngapi?" kabla ya kuuliza bei ya nyama.

Siku ya majibu nilimsikia kabla ya kumwona. Alikuwa juu ya lori, miguu imepanuliwa katikati ya mikungu, akipiga kelele kuvuka barabara.

"Tata Ombati! Saba nukta tatu! Na figo ni nzima!"

Mnunuzi mmoja akauliza kama hiyo ni bei mpya ya ndizi. Nyanchera alicheka mpaka akashika kamba ya turubai.

Basi nihesabu. Yeye alibaki juu ya lori na kwenye lishe yake, akapoteza haki ya kuandika "sijala." Mimi kilo zake tatu zilishuka hadi moja na nusu, na zile gramu arobaini za kila mteja zikaenda zisirudi, maana Osoro alitangaza mpaka kanisani na ikanibidi kununua mizani mpya. Lakini Sista alinitumia wagonjwa wengine sita wa sukari, wote wa steki, wote wabishi, wanne na mizani mkononi.

Mkungu wangu wa kliniki ulifika jioni ile. Nikaupima: kilo kumi na tatu na nusu. Nikamwita, nikamwonyesha. Alikuwa amekata kikonyo chote, vichana vimepangwa kwenye gunia safi.

"Nimekutolea mfupa, tata," akasema.