Shule ya Dada Yangu Ilikuwa Mbale

Dada yangu alizaliwa anasikia. Homa iliyompata kabla mimi sijazaliwa ndiyo iliyomfunga masikio. Nilipopata akili nilimkuta hivyo, na sikuona ajabu. Tulielewana kwa kuvutana nguo na kuonyeshana vidole.

Redio ilipotangaza kwamba watoto wote watasoma shule ya msingi bila karo, mama alitushonea sare sote wawili. Alikuwa anakaanga samaki na kuwauza pale Walukuba, mtaani kwetu Jinja. Baba alikuwa ameshatuacha. Asubuhi ya kuandikishwa alituogesha, akatupaka mafuta mpaka miguuni, akatupeleka shuleni. Mimi nilipokelewa mara moja. Mwalimu mkuu alimwita dada kwa jina, akarudia kwa sauti kubwa zaidi, na dada akaendelea kutazama kuku waliokuwa wakipekua uani.

"Huyu hatumwezi, mama," alisema.

"Redio imesema watoto wote, mwalimu."

"Imesema. Lakini haikuniletea mwalimu wake."

Hakuwa mtu mbaya. Darasa langu lilikuwa limejaa hata wengine tulikaa sakafuni. Dada alirudi nyumbani na sare yake mpya, akawa anamsaidia mama kupaa samaki, na aliivaa sare ile kazini mpaka ikachakaa kwa magamba na mafuta.

Baadaye mama alisikia kwa wanawake wa msikitini kwamba Mbale kuna shule yenye darasa la viziwi, na bweni. Akampeleka. Hakuwa na namna ya kumweleza wanakokwenda, wala kwamba angemwacha huko. Dada alipanda basi kwa furaha, akidhani wanakwenda kutembea. Mama alirudi peke yake, akaingia ndani, na siku hiyo hakupika.

Likizo ilipofika dada alirudi akiwa mtu mwingine. Mikono yake ilikuwa inasema. Alitusimulia jambo refu, uso ukicheka na kukunjamana, kisha akangoja. Hatukuelewa kitu. Akaanza upya, polepole. Mama akatikisa kichwa kukubali, kama mtu anayemridhisha mgeni, na dada aliliona hilo. Kila likizo mikono yake ilizidi kunyamaza mbele yetu. Alipomaliza kujifunza ushonaji alipanga chumba Namakwekwe, huko huko Mbale, asirudi tena kukaa nasi.

Mwaka juzi mama aliugua figo. Nilimtumia dada ujumbe wa simu, akaja siku hiyo hiyo. Hospitalini Jinja daktari alisema na mimi tu, ingawa dada ndiye mkubwa. Kila mara dada alinivuta mkono, akitaka kujua kinachosemwa. Mimi nilijua ishara za kula, kulala, njoo na maumivu. Mengine nilimwandikia kwenye simu kwa Kiingereza chetu cha shule, na maelezo marefu ya daktari yakawa mstari mmoja.

Mchana mmoja mama aliomba tumketishe. Alimtazama dada, akaniambia, "Mwambie siku ile Mbale sikumtupa. Nilijificha nyuma ya jiko la shule mpaka alipoacha kulia."

Niliandika, nikafuta, nikaandika tena. Kila neno lilikuwa dogo. Dada alisoma, akaiweka simu mapajani. Kisha akamjibu mama mwenyewe, kwa mikono, jibu refu. Mama alimfuata kwa macho mpaka mwisho, halafu akanigeukia. Sikuwa nimeelewa. Nilimwomba dada aandike, akakataa. Alinirudishia simu, akaenda kumshika mama miguu.

Mama alifariki wiki hiyo, tukamzika kijijini Budondo. Shehe aliomba dua, watu wakaitikia, na dada akawa anainua na kushusha mikono baada ya wenzake, nyuma kidogo kila mara.

Siku hizi nakwenda Mbale kujifunza ishara chumbani kwake. Vidole vyangu vizito, na ninasahau. Jumapili rafiki zake viziwi hujaa mle ndani wakibishana na kuchekeshana, nami hukaa ukingoni mwa kitanda nisijue wanacheka nini. Hakuna anayesimama kunieleza.

Nimeshamuuliza alimjibu nini mama. Alinitazama kwanza, kisha akanijibu kwa ishara nyepesi, ambazo hata mimi nazielewa: "Nilimwambia mama tu."

Sijamuuliza tena.